Watu Wanne na Chupa Moja ya Hewa

Fundi wa redio wa Malaba hakukubali mtu yeyote amshikie tochi. Umeme ukipotea akiwa amefungua redio ya mtu, aliing'ata tochi kwa meno yake akaendelea kuchomea waya, mate yakimtiririka kidevuni. Nikimwambia, "Fundi, lete nikushikie," alitikisa kichwa, na mwanga ukarukaruka ukutani. Umeme ukirudi aliitoa mdomoni, akaifuta kwa shati, akasema, "Mkono wa mtu mwingine una mawazo yake."

Nimemjua zaidi ya miaka thelathini na sikumwita kwa jina hata siku moja. Sote tulimwita Fundi. Mkewe, alipokuwa hai, naye alimwita Fundi. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Waliomjua watamtambua, na wasiomjua hawatapungukiwa. Nataka kueleza alivyokuwa, na mchezo alioutengeneza kwa mikono yake, na ripoti niliyoiandika kuhusu mchezo huo. Ripoti ile ilikuwa ya uongo. Sasa mimi ni mzee, nimeacha kazi ya uwakala wa forodha, na kitu ninachokitamani kuliko vyote ni kurudishiwa alasiri moja ya Jumapili niliyoiharibu mwenyewe.

Kibanda chake kilitazama foleni ya malori. Siku hizo lori liliweza kukaa hapo siku tatu, nne, kabla ya kuvuka kwenda Uganda, na madereva walimletea redio zao, kaseti zilizomeza utepe, pasi, baadaye simu. Kila chombo alikibandika karatasi yenye ugonjwa wake, kama mgonjwa wa wodini. "Anakohoa." "Amenyamaza tangu Krismasi." "Huyu anasikia Kampala peke yake." Nakumbuka dereva mmoja aliyerudi baada ya miaka miwili kuulizia redio aliyokuwa ameshaisahau. Fundi aliivuta kutoka rafu ya juu, akaipuliza vumbi, akampa. Karatasi yake ilisema, "Amepona. Anamngoja mwenyewe."

Ukimsikia hivyo unaweza kufikiri alikuwa mtu mpole. Hakuwa mpole. Bisibisi yake hakumwazima mtu hata kwa dakika moja. Mama wa chai, ambaye kibanda chake kilipakana na cha Fundi, alimwomba bisibisi siku moja akaze mkono wa sufuria. Fundi aliacha kazi, akafunga kibanda kwa kufuli, akaenda naye hatua kumi, akaukaza mkono wa sufuria mwenyewe, akarudi, akafungua kufuli, akaketi.

"Fundi, wewe ni mchoyo wa ajabu," mama wa chai alimwambia kupitia ukuta wa mabati.

"Sufuria imekaza?"

"Imekaza."

"Basi mchoyo ni nani?"

Angekupa saa nzima ya maisha yake, lakini kifaa chake hakukupa. Nimemfikiria mara nyingi kwa jambo hilo. Mtu asiyeweza kumwachia mwenzake bisibisi ndiye aliyetengeneza mchezo wa pekee niliowahi kuuona ambamo hakuna anayeweza kushinda peke yake.

Kabla ya redio alikuwa na banda la video. Lilikuwa chumba cha udongo chenye mabenchi, televisheni moja na jenereta iliyofungwa nje kwa mnyororo kama mbwa. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na Fundi alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa sauti, Kiswahili kikichanganyika na Kiteso pale palipohitaji matusi. Aliwapa watu wa filamu makwao. Mwizi alitoka Busia, polisi alitoka Nairobi, na msichana mzuri siku zote alitoka Amukura, hata kama nywele zake zilikuwa za dhahabu.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani sana, ya chombo cha angani. Mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa hadi nyota zilifanana na mvua. Chombo kinarudi duniani kikiwa na watu wanne: rubani, mhandisi, daktari na mpishi. Kinagongwa na jiwe, hewa inaanza kuvuja, na tangu hapo filamu nzima ni watu wanne wakihesabu pumzi zao. Wanagombana. Wanafungiana milango. Mwishoni taa za chombo zinazimika moja baada ya nyingine, na chombo kinabaki kikielea gizani.

Fundi hakukubali mwisho huo. Kila mara taa zilipozimika alitangaza, "Wamefika! Wamechoka, wamelala, wamezima taa." Na watu walipiga makofi wakatoka nje kwenye jua wakiwa na furaha.

Siku moja dereva wa Kampala aliyejua Kiingereza alisimama katikati ya banda. "Ssebo, unatudanganya. Hao wamekufa."

"Umeona kaburi?" Fundi akamuuliza.

"Si taa zimezimika?"

"Kwako mkilala mnawasha taa?"

Banda zima lilicheka, na dereva pia akacheka, akaketi. Tangu siku hiyo kila alipopaki Malaba alikuja kwa Fundi, akavua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini. Wawili hao walibishana kuhusu mwisho wa filamu ile kwa miaka mingi. Banda lilifungwa watu waliponunua televisheni zao, mkanda ukaoza, lakini ubishi ukaendelea. Dereva alisema, "Walikufa kwa sababu kila mmoja alitaka kuishi." Fundi alisema, "Walikosa mtu wa kuwapanga." Nadhani mchezo ulianzia hapo. Hakuweza kuibadilisha filamu, basi akaamua kutengeneza chombo chake.

Umbo la mchezo lilitoka kwenye ajono. Kwa wageni wa sehemu zetu, ajono ni pombe ya wimbi ambayo Wateso hunywa kutoka chungu kimoja, wazee wakikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Fundi hakunywa. Alikuja na chupa yake ya soda, akaketi nje kidogo ya duara, akatazama. Wazee walimtania.

"Fundi, lete mrija. Au unaogopa redio zitakunusa?"

"Nimekuja kuangalia chungu."

"Chungu hakina waya."

Alicheka, lakini kweli aliangalia chungu. Aliniambia kwamba ajono ikikaribia kuisha wazee hawaambiani neno, ila kila mmoja anapunguza kuvuta, macho yakiwa kwenye koo la mwenzake, mpaka maji ya moto yaongezwe. "Umeona hapo, Wakala?" Aliniita Wakala siku zote. "Hakuna anayeshinda chungu. Kikiisha kimewaishia wote."

Sisi wa mpakani hatukuijua michezo ya namna hiyo. Kwenye foleni ya malori palichezwa drafti kwa vifuniko vya soda, karata na bao la ajua, na kila mchezo ulikuwa na wa kuinuka akijipiga kifua na wa kuinuka akitafuta sababu. Fundi alipowaambia watu kwamba ana mchezo ambao wote hushinda au wote hushindwa, walimwangalia kwa huruma. Kijana mmoja wa bodaboda alimwambia, "Boss, huo si mchezo, huo ni mkutano."

Sasa nieleze mchezo wenyewe, jinsi nilivyopaswa kuueleza wakati ule.

Ubao wake ulikuwa wa plaiwudi, upana wa sinia kubwa, umechorwa pete tisa, moja ndani ya nyingine. Alizichonga kwa msumari wa moto, na ukipitisha kidole unazisikia. Pete ya nje ni anga la mbali. Katikati kuna doa la rangi ya kijani, ndiyo nyumbani. Chombo ni kifuniko kimoja cha soda kilichopakwa rangi ya fedha, na wote wanne wamo ndani yake, huwezi kuwa mbele ya mwenzako. Hewa ni maharage kwenye bakuli. Kila raundi chombo kinasogea pete moja, dhiki isipokizuia, na raundi ikiisha mnatoa maharage manne, pumzi moja kwa kila mtu. Karata alizikata kutoka maboksi ya sabuni na kuziandika kwa mkono. Kila mchezaji anafungua moja katika kila raundi na kuiweka mezani, na wote mnajadiliana nani aitumie na kwa nini. Zipo za dhiki na zipo za heri. Rubani ana uwezo wake, na mhandisi, na daktari. Hata mpishi ana wake, nao ndio unaowaokoa mara nyingi kuliko wote, na hilo lilimfurahisha sana mama wa chai.

Karata moja tu haikulazimika kuwekwa mezani. Ilikuwa chupa ya hewa. Ndani ya karata zote ilikuwa moja, na thamani yake ilikuwa maharage manane. Aliyeipata aliruhusiwa kuificha mkononi hadi atakapoona wakati umefika, ila lazima aitoe kabla bakuli halijawa tupu. Nilimuuliza kwa nini asilazimishe nayo iwekwe mezani kama nyingine.

"Bila hiari hakuna mchezo," alisema. "Watakuwa wanafika kwa amri."

Uzuri wa mchezo ule ni hofu yake. Mwanzoni mnazungumza kwa kupiga domo, kufikia pete ya sita mnaongea taratibu, na bakuli likianza kuonyesha sakafu yake kila mtu anaegemea mbele. Sijawahi kuona mchezo mwingine unaokufanya uulize, "Na wewe una nini? Unahitaji nini?" Una kasoro pia, nami sitazificha. Hesabu zake ni nyingi kwa mtu aliyechoka. Mwandiko wa Fundi ni mbaya. Na kasoro kubwa ni kwamba mwenye sauti anaweza kucheza zamu za wote. Fundi alikuwa mhandisi, lakini alikuwa pia rubani, daktari na mpishi, mpaka mama wa chai alipompiga kofi mkononi akisema, "Mzee, pumua hewa yako! Zamu ni yangu." Ukiucheza, mwekee mwenye sauti mahindi ya kuchoma mdomoni. Kwa mengine yote, ulikuwa mchezo mzima, uliopimwa na mtu aliyejua kupima.

Mama mmoja wa ofisi moja ya Busia iliyosambaza vifaa kwa shule za msingi alisikia habari za mchezo huo, akaja Malaba kuuona. Aliupenda. Alisema kama ungefaa wangeuchapisha kwa karatasi ngumu, nakala kwa kila shule, kuanzia Chakol hadi Moding. Lakini wakubwa wake walitaka ripoti iliyoandikwa na mtu asiye Fundi, aliyeucheza hadi mwisho.

Fundi alikuja kwangu. Alisimama mlangoni mwa ofisi yangu ndogo akiwa ameshika kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Wakala, wewe umefika kidato cha nne. Una Kiswahili cha shule. Cheza na sisi Jumapili, kisha uandike ulichokiona."

Mtu aliyekataa nimshikie tochi alinipa kitu chake nikishike. Niliona, na nilivimba kichwa.

Tulikaa alasiri hiyo mbele ya kibanda chake, Fundi, mama wa chai, dereva wa Kampala na mimi. Mimi nilikuwa daktari. Raundi ya tano nilifungua karata yangu na ilikuwa ile chupa.

Lazima nieleze kazi yetu ya uwakala ilivyokuwa, si ili nijitetee. Wakala mjanja hakumpa dereva hati yake mara ilipogongwa muhuri. Aliiweka mfuko wa ndani wa koti, akarudi kwenye lori akiwa amekunja uso. "Boss, kuna shida kidogo." Alimwacha dereva atokwe jasho, apige simu, amwite Mungu. Kisha akaondoka kana kwamba anakwenda kupigana, akanywa chai, akarudi na hati ile ile. Dereva alimkumbatia. Siku hiyo aliokolewa, na mwokozi alikuwa ni yule yule aliyemzamisha. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi hadi mwili wangu ukaijua bila mimi.

Basi nilipoipata chupa, sikuwaza kuwadhuru. Niliwaza jinsi itakavyokuwa bakuli likibaki na maharage manne ya mwisho, wakati mama wa chai ameshika kichwa na Fundi amenyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake, nami niiweke mezani taratibu. Niliuona uso wa Fundi. Niliutaka uso huo.

Tulifika pete ya nane. Nyumbani ilikuwa pete moja mbele. Mama wa chai alishika kichwa, kama nilivyotaka. Nilisubiri kidogo tu, wamalize kusikitika vizuri. Dereva, ambaye siku zote alikuwa na haraka, alinyoosha mkono, akayakusanya maharage manne ya mwisho, akayatupia kuku.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Wamekufa. Si niliwaambia?"

Fundi alitazama bakuli. "Nani ana chupa?"

Mama wa chai alionyesha mikono mitupu. Dereva pia. Ningesema wakati ule, wangenicheka mwezi mzima, basi. Dereva angenipa jina la utani. Hakuna zaidi ya hapo.

"Mimi sina," nikasema.

"Basi ilikuwa chini, kwenye zile hatujafungua," Fundi akasema kwa sauti ndogo. Nikainama kumsaidia kukusanya karata, na yangu nikaichomeka katikati ya fungu. Alinishukuru.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Niliiandika kwa Kiswahili kizuri, na uzuri huo unaniumiza zaidi kuliko makosa. Ningeweza kuandika kwamba tulishindwa siku hiyo tu. Lakini aliyesema uongo mdomoni huogopa asipoujengea ukuta, kwa hivyo nikaandika kwamba nimehesabu hewa na pete, na kwamba mchezo "hauna njia ya kufika nyumbani isipokuwa kwa bahati," na kwamba watoto "watajifunza kukata tamaa." Nikatia sahihi. Mama wa ofisi aliisoma, akaja kumwambia Fundi kwa upole kwamba wakubwa wamesita. Hawakusita tena. Waliacha.

Fundi hakunikasirikia. Hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Alikuja na ripoti mkononi akaniuliza, "Umehesabu vipi? Nionyeshe nilipokosea." Nilimwambia nina mteja.

Akaanza kurekebisha mchezo. Kila nilipopita nilimwona ameinamia ubao badala ya redio. Alikuwa akitafuta kasoro niliyoiandika. Alifuta pete moja kwa msasa, kisha nyingine. Akaongeza chupa ya pili, kisha ya tatu, ili hata kama moja ikibaki chini pawepo nyingine. Akaondoa ile hiari, chupa zikawa za kuwekwa mezani kama karata nyingine. Mwaka uliofuata nilikunywa chai pale na mama wa chai akaniambia, akipangusa meza, "Siku hizi tunafika kabla chai haijapoa. Watu hawaji tena. Hakuna raha. Wewe, Wakala, si uliandika ripoti? Mwambie aurudishe ule wa kwanza."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Ningekiri kwamba sahihi yangu ilikuwa chini ya uongo, na wakala ana nini tena zaidi ya sahihi? Hivyo nilijidanganya. Ukweli ni kwamba niliona haya tu, na haya ikikaa sana inageuka kuwa desturi. Nilianza kupita upande wa pili wa barabara. Siku moja nikaona ule ubao umepigiliwa kwenye dirisha la kibanda, kuzuia mvua, pete zikitazama ndani.

Mengi yalifuata, nami siyapangi kwa utaratibu. Mpaka ulibadilika, hati zikaingia kwenye kompyuta, na mawakala wenye mifuko ya ndani hatukuhitajika tena. Mama wa chai alizikwa kwao Chakol; nilikuwepo, Fundi pia, alinisalimia nami nikajifanya natafuta usafiri. Dereva wa Kampala aliacha kuonekana. Niliwauliza madereva wenzake, wakasema alihamia njia ya Kongo, wengine wakasema amestaafu, hakuna aliyejua. Fundi macho yalimwisha, mwanawe akamchukua kwake Moding. Kibanda kinauza mitumba.

Mwaka huu nilikwenda Moding. Nilishuka bodaboda kwenye njia ya kuingia, nikatembea, kwa sababu nilitaka muda wa kubadilisha nia. Mkamwana wake alikuwa anaanika muhogo uani. Alinisalimia vizuri, akanionyesha upande wa nyuma ya nyumba. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yana utando mweupe, mikono imelala mapajani ikitetemeka kidogo kidogo.

"Nani?"

"Ni mimi, Fundi. Habari ya siku nyingi."

Aliinamisha kichwa kama aliyekuwa akitafuta stesheni. "Wakala. Umezeeka sauti."

"Na wewe umezeeka yote."

Alicheka bila sauti. Tulizungumza habari za mvua, za bei ya mbolea, za nani amekufa. Nilijua nikikubali chai ikiletwa nitakunywa, nitashukuru, nitaondoka, na safari yangu itakuwa bure. Kwa hivyo nikasema.

"Fundi, ile chupa ya hewa haikuwa chini ya karata. Ilikuwa kwangu. Niliificha."

Mikono yake iliacha kutetemeka. Nilidhani hakuelewa, nikaanza kueleza, akanyanyua kidole nikanyamaza.

"Uliipata raundi ya ngapi?"

"Ya tano."

"Na tulikomea pete ya nane."

"Ya nane."

Midomo yake ilisogea. Alikuwa akihesabu. Vidole vya mkono wa kulia viligusa goti, kimoja kimoja, vikarudi. "Maharage manane. Manne ya kufikia nyumbani." Akagusa goti tena. "Na manne yanabaki. Pumzi moja moja kwa kila mtu."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo sikukosea hesabu."

"Hukukosea kitu, Fundi. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Neno lile la mwisho sijui kama alilisikia. Alikuwa amegeuza uso upande wa nyumba. "Nilizifuta pete mbili," akasema, si kwangu. "Nilikuwa nikiamka nahesabu upya. Nikasema labda kichwa changu kimeanza kuchoka." Kisha akaita kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Mama Amoit! Mama Amoit, njoo usikie! Mchezo ulikuwa mzima!"

Mkamwana alikuja haraka, mikono ina unga wa muhogo. "Nini, baba?"

"Mchezo ulikuwa mzima! Haukuwa na kasoro!"

"Mchezo gani, baba?"

"Wangu! Wa chombo!"

Mkamwana alinitazama mimi, kama mtu anavyomtazama jirani kumuuliza kama mgonjwa ana homa. "Ni mambo ya mpira, mzee?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Fundi alifungua mdomo aeleze. Niliona akitafuta pa kuanzia, kwenye filamu, kwenye banda, kwenye chungu cha wazee, kwa watu wawili ambao huyu mama hakuwahi kuwaona. Akaufunga. Mkamwana aliolewa akakuta ubao umeshakuwa dirisha.

"Basi ni vizuri, baba," mkamwana akasema, akampapasa begani, akarudi kwenye muhogo wake.

Tulikaa. Habari ile alikuwa ameingoja miaka yote hiyo, na duniani hakukuwa tena na mtu wa kuifurahia pamoja naye ila mimi niliyemnyima. Nilijiandaa kuambiwa niondoke. Ningeondoka bila kinyongo. Nilishaanza kuinuka.

"Wakala."

"Naam, Fundi."

"Nieleze wewe. Anza pale tulipoketi."

Nikarudi chini, nikasogeza kigoda karibu na sikio lake. Nikamwambia mama wa chai alikaa upande wa jua akajifunika kwa leso, na mimi nilikuwa mkabala naye, na dereva wa Kampala alikuwa amevua viatu, miguu mitupu.

"Soksi," akasema. "Alikuwa na soksi nyekundu, moja imetoboka. Endelea."